Kuutua Wimbo wa Bi Batuli

Jumamosi tarehe 8 Februari 2025, Najiat binti Mabruki alikaa kwenye cherehani kwa saa kumi na moja na dakika arobaini. Alianza saa kumi na mbili na robo asubuhi. Alisimama dakika ishirini kula, na robo saa kwa kila sala, ya adhuhuri na ya alasiri. Akauondoa mguu kwenye kanyagio saa moja kasorobo jioni, adhana ya magharibi ikiwa karibu. Katika saa hizo alishona magauni saba ya lasi ya zambarau, akapinda mikono ya mengine manne, na akafumua moja ambalo mwenye nalo alikuwa amenenepa tangu siku ya kupimwa. Shaabani ilikuwa katika wiki yake ya pili. Waislamu wa Tabora walikuwa wakiozana mbiombio kabla Ramadhani haijaingia, kila harusi na sare yake, na kila mwenye sare akiona yake ndiyo inayostahili kutangulia.

Najiat alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane. Alijifunza ushonaji miaka miwili katika chuo cha ufundi, na kilichobaki naye kutoka huko, zaidi ya cheti, kilikuwa mazoea ya kupima mara mbili kabla ya kukata. Alifanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu baba yake, Chemchem. Ukutani, juu ya rafu ya vitambaa, ilining'inia mandolini ya baba huyo: ala ndogo yenye tumbo la mviringo na nyuzi nane zilizopangwa mbilimbili, jozi nene juu, jozi nyembamba chini. Mzee Mabruki aliipiga kwa miaka ishirini na sita akimsindikiza dada yake, Bi Batuli, aliyekuwa akiimba katika harusi za mji huo na za vijiji vya jirani. Mzee alipofariki, Najiat aliishusha mandolini, akaifuta vumbi, akaenda kukaa kwenye kiti chake miongoni mwa wapigaji. Hakuna aliyemwomba, na hakuna aliyemkataza. Kikundi chenyewe hakikuwahi kuwa na jina. Watu walikiita kikundi cha Bi Batuli, basi.

Siku hiyo, saa kumi alasiri, mlango ulitiwa kivuli na Abdulatifu, mpigaji wao wa kodiani, kinanda cha kuvuta na kukunja. Alikuwa mtu wa makamo, muuza vipuri vya baiskeli, na ndiye aliyekuwa akipokea simu za mialiko na kupanga nani atapiga nini na wapi.

"Asalaamu alaykum, fundi."

"Waalaykumu salaam. Pita, lakini usinikanyagie lasi."

Akavuka vitambaa kwa kuinua kanzu kama mtu anayevuka kijito, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Nimekuja na neno zito."

"Zito ninalo mguuni tangu alfajiri. Kama unalo jepesi, anza na hilo."

Abdulatifu hakucheka. "Bi Batuli," alisema. "Juzi, pale harusini Ipuli. Uliisikia sauti?"

Najiat aliendelea kushona. "Niliisikia."

"Kila mtu aliisikia. Alipofika kwenye 'mlango', ilichanika kama shuka kuukuu. Wanawake wakatazamana."

Mlango aliousema Abdulatifu ulikuwa katika mstari mmoja wa wimbo ambao Mzee Mabruki aliutunga zamani, na ambao hakuna harusi iliyokubali kumalizika bila ya kuusikia: *Njia nimeimaliza, mlango sijauona.* Neno hilo, mlango, ndilo lililokaa juu kuliko yote. Bi Batuli alilipanda bila jasho kwa zaidi ya miaka thelathini. Sasa alikuwa na miaka sitini na sita.

"Harusi ya mjukuu wake ni tarehe ishirini na mbili, Bukene," Abdulatifu aliendelea. "Wakwe watajaa. Nimeona tumpe wimbo ule msichana mmoja wa Ng'ambo, ana sauti nzuri. Bi Batuli apumzike. Akae mbele na wenzake, atunzwe, ale pilau yake."

"Na atakayemwambia ni nani?"

"Wewe. Wewe ndiye mtoto wa kaka yake."

Hapo ndipo mguu uliposimama. Najiat alikata uzi kwa meno, jambo alilowakataza wanafunzi wake wote.

"Kwa nini wimbo tusiutue?"

Katika kikundi hicho hawakusema kuushusha wimbo. Kumshusha mtu ni kumvunjia heshima, na Bi Batuli alikuwa mwepesi wa kusikia neno lenye ncha. Walisema kuutua, kama mpagazi anavyotuliwa mzigo kichwani na mwenzake, kwa mikono miwili, polepole. Babu yake Bi Batuli alibeba mizigo ya watu kutoka pwani hadi Ujiji, na neno hilo, alisema Bi Batuli mwenyewe, ndilo urithi pekee alioacha.

"Mimi naweza kuutua hata leo," Abdulatifu alijibu. "Sauti yake nimekwishaipima kwenye kodiani. Tukitoka A tukateremka hadi F, anakaa kama yuko kwake. Asiyeweza ni wewe. Wewe una A, una D, una E, mwisho wa safari. Nyuzi tupu za marehemu."

Alisema kweli, na alisema bila ubaya. Mzee Mabruki alimwachia binti yake kodi tatu, hizo A, D na E. Kodi, kwa wapiga ala, ni sauti kadhaa zinazopigwa pamoja zikawa kitu kimoja. Na kodi za Mzee zote zilitegemea nyuzi tupu, yaani nyuzi zisizobanwa na kidole, zinazolia zenyewe. Ziling'ara, na hazikuchosha mkono. Lakini uzi mtupu una sauti moja tu, ile uliyofungiwa. Kodi iliyouegemea haitoki hapo ilipo, kama nyumba isivyotoka kwenye msingi wake. Najiat aliwahi kujaribu kuzilegeza nyuzi zote nane ili ala nzima iteremke. Zikaanza kuvigonga vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, zikatoa mlio wa debe lenye kokoto.

"Nipe wiki mbili," alisema.

"Wiki mbili za saa zipi, mwanamke wewe? Na malasi yote haya?"

"Nipe."

Abdulatifu alitazama rundo la zambarau, akamtazama na yeye. "Haya. Lakini tarehe ishirini na mbili, kama bado uko kwenye A, binti wa Ng'ambo ataimba, na wewe ndiye utakayekwenda kwa shangazi yako." Akainua kanzu, akavuka lasi, akatoka.

*

Hakukuwa na mpigaji mwingine wa mandolini mjini ambaye Najiat alimfahamu. Alichokuwa nacho ni mteja. Mwaka uliotangulia alishona sare thelathini na mbili za kwaya moja ya Kimoravian, na mwalimu wa kwaya hiyo, Mwalimu Recheli, alikuja mara nne kuhakikisha kwamba kola zimelingana. Mtu wa namna hiyo, Najiat alifikiri, hutaka kila kitu kikae mahali pake. Akampigia simu.

Alhamisi tarehe 13, saa kumi, alifika Ipuli na mandolini ndani ya mfuko wa mabaki ya kitenge. Mwalimu Recheli, mstaafu wa shule ya msingi, alikuwa amekaa barazani akibambua karanga, mguu mmoja ameunyoosha juu ya kigoda kwa sababu goti lilikuwa limevimba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, fundi. Hicho nini tena, kinubi cha Daudi?"

"Mandolini."

"Basi mimi na huyo hatujuani. Sijapata kumshika." Akakung'uta maganda mapajani. "Ila nikiisikia sauti, ninajua inaitwaje. Nitolee hiyo karatasi iliyo nyuma ya mlango."

Ilikuwa karatasi ngumu ya manila, pembe zake zimeliwa na mchwa, na juu yake zimeandikwa kwa wino mwekundu, kutoka chini kwenda juu: do, re, mi, fa, so, la, ti. Wanakwaya wake walijifunzia hapo. Najiat hakuwa amepata kuiona ngazi hiyo. Alikulia kwenye jozi nene, jozi nyembamba, na "bonyeza hapa, mwanangu".

"Nataka unitafutie sauti tatu," alisema Mwalimu Recheli. "Do, mi na so. Nitaziimba, wewe zitafute humo ndani. Sharti ni moja: usiniachie uzi mtupu hata mmoja. Kila unaolia uwe umebanwa na kidole."

"Kwa nini, mwalimu?"

"Si umesema mwenyewe kwenye simu kwamba uzi mtupu hauhami? Basi tusimchukue safarini asiyehama."

Akaimba. Sauti yake ilikuwa nyembamba, na mara mbili aliikatisha ili kukohoa. Najiat alitafuta jozi moja baada ya nyingine, akibonyeza na kuachia, akibonyeza na kuachia, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Walitumia dakika hamsini. Mwisho walizipata: kwenye jozi nene, nafasi ya pili (nafasi ni kipande cha shingo kati ya chuma na chuma), mi; kwenye jozi inayofuata, nafasi ya tatu, do; kwenye jozi ya tatu, nafasi hiyo hiyo ya tatu, so. Jozi nyembamba waliamua kuinyamazisha kwa kuigusa na ubavu wa kidole. Vidole vya Najiat vilikuwa vimekunjamana kama miguu ya kuku, na ncha zake, ambazo tayari zilikuwa na matundu ya sindano, ziliwaka moto.

"Hapo do iko wapi?"

"Nafasi ya tatu."

"Sasa sogeza mkono wote mbele, nafasi mbili. Vidole visiachane wala visibadilishane zamu. Piga."

Najiat akasogeza, akapiga. Sauti ilikuwa juu zaidi, lakini ilikuwa ile ile.

"Umesikia? Mi, do, so. Ulichobadilisha ni nini? Hujabadilisha kitu. Umehama tu." Mwalimu Recheli alichukua karanga moja, akaitafuna. "Do hana nyumba yake, fundi. Do ni mpangaji. Leo yuko Ipuli, kesho Chemchem, na akihama anahama na wanawe, mi na so."

"Na kodi je, mwalimu?"

"Kodi anahama nayo vilevile. Nani aliwahi kuikimbia?"

Wakacheka wote wawili, Mwalimu Recheli akilishika goti. Kisha akamwonyesha kwenye ngazi ya wino mwekundu kwamba wimbo wa baba yake ulihitaji mahali patatu tu: pa do, pa fa na pa so. Kutoka do hadi pa fa ni hatua tano kwenye shingo ya ala. Hadi pa so ni hatua saba. Kama do iko nafasi ya tatu, Najiat angehesabu tatu, nane, kumi. Umbo la mkono lingekuwa hilo moja, mwanzo hadi mwisho.

"Tatu, nane, kumi," Najiat alirudia.

"Na ukitaka kuutua zaidi, unaondoa moja kwa kila namba. Hesabu za darasa la kwanza."

Ilisikika kama hesabu za darasa la kwanza. Najiat alirudi Chemchem kwa miguu, akashona hadi magharibi.

*

Kosa alilolifanya siku mbili zilizofuata lilikuwa kosa la fundi. Asingelifanya mtu asiyejua kukata.

Aliambiwa umbo halibadiliki. Kwake yeye, umbo lisilobadilika ni karatasi ya kukatia: unaichora mara moja, unaikata vizuri, na baada ya hapo unailaza juu ya kitambaa chochote na kupitisha chaki. Ijumaa, umeme ulipokatika na ovaloki, mashine ya kufunga kingo za vitambaa, ikasimama, alichukua boksi la nyuzi za kushonea, akalaza kipande chake juu ya shingo ya mandolini kwenye ile nafasi ya tatu, akatoboa matundu matatu pale vidole vilipokaa. Alipata kigezo kizuri, kingo zake zimenyooka. Akakisogeza hadi nafasi ya nane. Matundu mawili yaliangukia juu ya vyuma. Akadhani amekata vibaya. Akakata kingine, akapima mara mbili. Kikaangukia pale pale. Jumamosi asubuhi, kabla ya kushona hata mshono mmoja, alichukua futi yake ya kupimia na kuipima shingo nafasi kwa nafasi, akaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja. Nafasi ya tatu ilikuwa na milimita kumi na saba na nusu. Ya nane ilikuwa na kumi na tatu. Ya kumi haikufika kumi na mbili.

Alikaa muda mrefu akiitazama orodha hiyo. Siku mbili za dakika chache alizokuwa nazo zilikuwa zimekwenda kwenye boksi. Wateja wawili walikuwa wamesimama mlangoni. Hakuwa na hasira. Hasira inataka nguvu. Alihisi tu kwamba angeweza kuweka kichwa juu ya meza ya cherehani, kwenye lasi, na kulala mpaka Idi.

Kuanzia siku hiyo alipata dakika ishirini kila siku, mara nyingi pungufu, kati ya alasiri na magharibi. Vidole vilifika nafasi ya nane vikiwa vimetanuka kupita kiasi, vikaziba, vikakwaruza. Ncha ya kidole cha kati ilipasuka. Akaifunga kwa kitambaa, damu ikamwagikia pindo la gauni, na pindo hilo akalishona upya bila kumwambia mtu.

Alhamisi tarehe 20 aliviweka vile vigezo viwili vya boksi mapajani kwa Mwalimu Recheli pamoja na orodha ya milimita. Mwalimu aliviangalia kupitia matundu, kimoja baada ya kingine.

"Hivi fundi, mama na binti yake wakikuletea mshono mmoja, unawakata kwa saizi moja?"

"Hapana."

"Gauni si lile lile?"

"Ni lile lile. Napunguza." Najiat akavitazama vile vigezo. "Napunguza kila mahali kwa kiasi kimoja. Bega, kifua, kiuno."

"Haya. Huko juu anakaa binti."

Akajaribu. Alipopanda kutoka ya tatu kwenda ya nane aliuacha mkono ujibane njiani, taratibu, kama anavyouingiza mshono ndani pande zote kwa pamoja. Na alipofika ya kumi vidole vilikuwa vimebanana kama watu kwenye mkeka mdogo. Kodi ilitoka. Ilikuwa na vumbi, ilikuwa fupi, lakini ilitoka. Akarudi ya tatu, akautanua. Akapanda tena. Kati ya mara kumi, alipatia sita.

"Sita kwa kumi," alisema.

"Kwenye kwaya yangu huyo namweka mstari wa mbele," Mwalimu Recheli alijibu. "Wa nyuma ninao wa nne kwa kumi."

*

Ijumaa alikwenda kwa Bi Batuli. Alimkuta kitandani, amejiegemeza kwenye mto, akinywa maji ya tangawizi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, binti Mabruki. Umekonda. Hao wanaoolewa wanakula wewe?" Akaiona mandolini. "Enhe. Abdulatifu amekutuma."

"Hajanituma."

"Usinidanganye, mimi nilimfunza baba yako kusema uongo. Abdulatifu anadhani sijui kwamba nazeeka. Yeye mwenyewe akipanda ngazi tatu anapumua kama hilo kodiani lake."

Najiat alikaa pembeni mwa kitanda, akaweka mkono nafasi ya tatu, akapiga. Bi Batuli alifumba macho. Akaimba mstari wa kwanza kwa sauti ndogo, na alipofika kwenye mlango hakukaza shingo. Akaimba wa pili. Mara mbili Najiat alikosa nafasi ya kumi, na mara zote mbili Bi Batuli alimngoja bila kufumbua macho.

"Hapa pako chini," alisema walipomaliza.

"Ndiyo, shangazi."

"Panafaa." Akachukua kikombe, akakitazama ndani. "Sikiliza, mwanangu. Kesho ni mbele ya wakwe wa mjukuu wangu. Nitue, sikatai. Mzigo umenichosha. Lakini usinibwage. Mkinibwaga mbele za watu, sitafungua kinywa tena, na wala sitawaambia kwa nini."

*

Waliondoka Tabora Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Gari walilotumiwa na wenye harusi lilikwama mara mbili kwenye tope, na mara zote mbili Bi Batuli aliteremka, akasimama pembeni ya barabara chini ya mwavuli, mkono kooni. Walifika Bukene saa nane kasorobo. Najiat alikuwa ameshona hadi jana yake jioni, na machoni pake kila kitu kilikuwa na ukingo wa zambarau: maturubai, masufuria, wanawake waliojaa kwenye mikeka wakiwa ndani ya magauni aliyoyapinda yeye mwenyewe.

Saa kumi alasiri waliitwa. Kwa desturi yao, Bi Batuli huuanza wimbo huo peke yake. Abdulatifu humpa sauti moja tu ya kodiani, kisha hunyamaza. Bi Batuli huimba mstari mzima bila ala, polepole, na ala zote huingia mwishoni mwa mstari, mahali anapotua.

Abdulatifu akampa F. Bi Batuli akaipokea. *Njia nimeimaliza.* Sauti ilikuwa na ukungu wa safari. Najiat, mkono wake ukiwa tayari nafasi ya tatu, aliisikia ikianza kuzama, kidogo sana, kama mtumbwi unaoingiza maji. *Mlango sijauona.* Alipofika mwisho wa mstari hakuwa tena kwenye F. Alikuwa chini yake kwa hatua moja ndogo, na mwenyewe hakujua.

Ngoma ikaingia, kodiani ikaingia kwa F. Kwa muda wa mapigo mawili, sauti na kodiani zilisuguana kama milango miwili mibovu. Uso wa Bi Batuli ulibadilika. Najiat aliuona mkono wake ukipanda kifuani.

Hakufikiri juu ya do, wala juu ya mpangaji. Aliteleza nafasi moja nyuma, mkono wote kwa pamoja, na kupiga. Sauti ya Bi Batuli ilikuwa pale. Mbili, saba, tisa, alihesabu kichwani. Ondoa moja kwa kila namba. Abdulatifu alijaribu kumfuata; alibonyeza huku, akabonyeza kule, lakini F ilikuwa na kitufe cheusi kimoja cha kukumbuka na hapo walipoangukia palikuwa na vinne, na maisha yake yote hakuwahi kupita huko. Akaifunga kodiani yake, akaiweka mapajani. Akamtazama Najiat kwa macho yaliyosema jambo moja tu: usiache.

Basi wakabaki mandolini na ngoma. Najiat alipiga kwa namna ya mtu anayebeba ndoo iliyojaa hadi ukingoni: hakutazama watu, hakumtazama hata bibi harusi. Mbili, saba, mbili, tisa. Kwenye ubeti wa tatu vidole vilichelewa kubanana, nafasi ya tisa ikatoa mkwaruzo mtupu. Akaipata kwenye pigo lililofuata. Kidole cha kati kilifunguka tena. Bi Batuli alikuwa ameuondoa mkono kifuani. Mlango wa kwanza alipita. Wa pili alipita. Wa nne aliuimba akiwa ametazama juu ya vichwa vya watu, bila haraka, kama mwanamke anayefungua mlango wa nyumba yake na ufunguo anaoujua.

Hakuna aliyetazamana na mwenzake. Mwanamke mmoja wa upande wa wakwe aliendelea kula pilau yake mpaka mwisho wa wimbo, kisha akajifuta mkono, akaenda kumtunza.

Baadaye Bi Batuli alikaa nyuma ya turubai, viatu amevivua. Najiat alimfuata.

"Niliwapotea?" Bi Batuli aliuliza.

"Kidogo, shangazi."

"Mkanibwaga?"

"Hapana."

Bi Batuli alimtazama kidole, kitambaa chake kimelowa. Hakusema ahsante; katika ukoo wao ahsante walipewa wageni. "Basi niletee maji," alisema. "Na mwambie yule mwenye kodiani aje hapa, nataka kumcheka."

Katika safari ya kurudi Tabora, Abdulatifu aliikumbatia kodiani yake hadi walipovuka tope la kwanza.

"Ile ilikuwa nini?" aliuliza hatimaye.

"E."

"Ulijifunza lini?"

"Sikujifunza. Nilisogea."

Abdulatifu alitikisa kichwa. Habari za msichana wa Ng'ambo hakuzigusa. Najiat alikuwa amelala, shavu juu ya mfuko wa kitenge.

Mwaka mmoja baadaye, Jumamosi tarehe 7 Februari 2026, Bi Batuli aliimba wimbo huo katika harusi moja ya Ipuli, chini ya pale pa Bukene kwa hatua moja ndogo. Jumatatu iliyofuata alimpigia Abdulatifu simu yeye mwenyewe, saa tatu asubuhi, akamwambia asimpangie harusi nyingine, kwa kuwa mzigo sasa ameutua mwenyewe.